Mkanda Ambao Haujakatika

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tisa, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, kwenye kilima kirefu kinachotokea karakana za mbao. Gari la Idara lilikuwa gia ya tatu. Nyuma alikaa Mhasibu Mkuu, miwani puani, makaratasi mapajani, amechelewa kikao cha wakubwa wenzake. Dereva alisikia mlio mdogo, tap, kama mtu anayekata uzi kwa meno, halafu injini ikanyamaza. Haikukohoa wala haikutetemeka. Ilinyamaza tu, kama mtu aliyekatwa kauli.

Aliliacha gari litambae mpaka pembeni, akavuta breki ya mkono.

"Washa," alisema Mhasibu Mkuu.

"Haitawaka, mkuu. Mkanda wa taimingi, ule unaolinganisha mwendo wa injini huko ndani, umekatika."

"Umejaribu?"

"Nikijaribu nitazidi kuiponda. Valvu zimeshagongana na pistoni huko ndani."

"Wewe ni dereva au fundi?"

Dereva akabonyeza taa za hatari. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameendesha watu wa kiti cha nyuma, na alikuwa amejifunza kwamba swali likitoka kiti kile huwa halina haja ya jibu.

Jibu alikuwa nalo, tena la maandishi. Mwezi wa kumi na moja alijaza fomu ya kuomba mkanda huo na pampu ya maji vibadilishwe, maana gari lilikuwa limeshapita kilomita zake. Mwezi wa kwanza alijaza ya pili. Mwezi wa pili alijaza ya tatu, akaipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Zote zilipigwa muhuri mapokezi zikapanda ghorofani kwa Mkuu wa Usafiri, ambaye Idara nzima ilimwita Bwana Subiri, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila mtu, na hakuwahi hata siku moja kuliandika popote.

Saa nane mchana barua ilikuwa tayari mezani. Ombi la mkanda lilikaa miezi minne bila mtu kulinyanyua. Barua ya kumsimamisha kazi dereva ilichapwa, ikasainiwa na kupigwa muhuri kwa muda usiozidi saa sita. Uzembe uliosababisha uharibifu wa injini. Kamati ya nidhamu, Jumatatu tarehe ishirini na tano, saa tatu kamili. Mpaka hapo, bila mshahara.

Aliambiwa arudishe funguo. Mlinzi wa getini, waliyekuwa wakitaniana naye kila asubuhi, alimkagua mfuko kwa mara ya kwanza. Akakuta chupa ya maji na kitambaa cha kufutia kioo.

"Kitambaa ni cha Idara?" aliuliza, huku aibu imemjaa.

"Ni fulana yangu ya zamani, ndugu yangu. Inuse."

*

Nyumbani walikuwa watatu. Dereva mwenyewe, Binti yake, wa miaka ishirini na sita, na Bibi, mama wa marehemu mkewe, aliyekuja kumuuguza mwanawe na hakuondoka tena, na hakuna aliyewahi kumwuliza lini ataondoka. Vyumba viwili, sebule, na ukuta wa pembeni ambako gari la marehemu lililala chini ya turubai.

Gari hilo lilikuwa kama ndugu wa tumbo moja na lile la Idara: aina moja, injini moja, mwaka uleule. Ndilo lililokuwa likilisha nyumba kwa nusu. Binti alikuwa akizunguka nalo zahanati tisa kila siku, Jumatatu mpaka Jumamosi, akikusanya masanduku ya sampuli za damu na kuyafikisha maabara kuu kabla ya saa kumi. Mkataba ulikuwa wa kurasa mbili, lakini maana yake ilikuwa moja: gari likilala, kazi anapewa mwingine. Na kwa kuwa sasa mshahara wa baba ulikuwa umesimama, halikuwa tena linalisha nusu. Lilikuwa linalisha wote.

"Mkwe, mbona leo jua hujaliacha lizame?" Bibi alisema alipomwona mlangoni. "Au wamekupandisha cheo?"

"Wamenipandisha, mama. Nimepanda mpaka nje."

Akamsimulia. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hao watu, mbuzi akifa kwa kiu watamshtaki aliyeomba ndoo."

Jioni Binti alipoingia uani, Dereva alisimama pembeni akiusikiliza muungurumo kama daktari anayesikiliza mgongo wa mtu. Alimngoja azime.

"Jumamosi gari hili halitembei," alisema. "Linabadilishwa mkanda wa taimingi na pampu ya maji."

"Kwani lina nini?"

"Halina kitu."

"Sasa?"

"Ndiyo wakati wake wa kubadilisha. Likiwa na kitu tutakuwa tumechelewa."

Bibi aliibuka mlangoni na kijiko cha kupikia. "Ngoja kwanza. Gari la mwanangu linapumua vizuri, halijakohoa, wewe unataka kulipasua kifua? Mkwe, umepigwa na jua?"

Binti alifungua boneti, akaonyesha kwa kidole. Kwenye kifuniko cha mkanda palikuwa na maandishi ya rangi nyeupe. Marehemu ndiye aliyemlazimisha fundi ayaandike siku mkanda ulipobadilishwa: 148,000.

"Fundi alisema kila baada ya kilomita laki moja," Binti alisema. "Njoo usome dashibodi, baba. Laki moja na tisini na moja elfu, mia nne na sita. Tumetembea elfu arobaini na tatu. Hata nusu hatujafika."

Dereva alisoma. Namba ni namba.

"Naelewa umeumia," Binti aliendelea kwa sauti ya chini. "Lakini yaliyokukuta kwenye gari lao usiyalete kwenye gari letu. Jumamosi nikikosa, nitawaambia nini? Kwamba baba yangu ameota?"

Usiku Dereva hakula. Maneno ya Bwana Subiri yalikuwa hayamuumi hata robo ya hayo, maana hakuwahi kumbeba Bwana Subiri mgongoni kama alivyombeba Binti.

*

Asubuhi ya Jumatano aliamka saa kumi na moja, kama kawaida, kabla hajakumbuka kwamba hana pa kwenda. Mikono haikukubali kukaa bure. Akaivuta turubai, akafuta kioo cha mbele kwa fulana yake ya zamani, akapima upepo wa matairi, akaketi kwenye usukani. Halafu mkono ukafanya ulichofanya kila alfajiri kwa miaka ishirini na miwili: ukachukua kalamu na kuandika kilomita za kuondokea. Kitabu cha safari hakikuwepo, basi akaandika kiganjani. 191,406.

Binti alitoka kuoga, akamkuta pale. Alichukua funguo, akaenda.

Jioni alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Dereva alikwenda kuchukua masanduku matupu, na jicho likashuka lenyewe kwenye dashibodi, kutafuta kilomita za kurudia. Akaangalia kiganja. Akaangalia tena dashibodi.

191,406.

"Mwanangu," aliita. "Leo umekwenda wapi?"

"Kote. Tisa. Na ile ya mlimani mara mbili, walisahau sanduku."

"Mshale wa mwendo unapanda?"

"Unapanda. Kwa nini?"

Dereva alifungua kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria, akatoa daftari dogo lenye jalada la kijani ambalo hakuna aliyeligusa tangu msiba. Marehemu alikuwa akiandika kila alipotia mafuta: tarehe, lita, kilomita. Ukurasa wa mwisho wenye maandishi ulisema 191,371. Ilikuwa wiki moja kabla ya kulazwa.

Dereva aliketi juu ya kizingiti. Mshale ulikuwa mzima, ila zile namba zilikuwa zimekufa zamani, kimya kimya, siku zilezile nyumba nzima ilipokuwa ikitazama mgonjwa. Miaka miwili na nusu Binti amezunguka na gari lenye namba zilizosimama. Na yeye, mtu aliyeandika kilomita za gari la wenyewe asubuhi na jioni bila kukosa, hakuwahi hata mara moja kusoma za gari la mkewe. Kinyozi alikuwa amenyoa mji mzima, kichwa chake kikaota kichaka.

"Kilomita mia na hamsini kwa siku," alisema hatimaye. "Siku sita kwa wiki. Piga hesabu wewe, mimi shule yangu iliishia njiani."

Binti alipiga kwenye simu. Akapiga tena. "Tangu nianze kazi tu ni laki moja na zaidi. Ukijumlisha na zile za mama..." Akaligeukia gari. "Kwa hiyo hiki kitu nilikuwa natembea juu ya nini?"

"Juu ya bahati."

Bibi, aliyekuwa akichambua mchele pale barazani, alikohoa. "Na kile kikombe cha maji?"

"Kikombe gani, mama?"

"Kila Jumapili mjukuu wangu anainywesha rejeta kikombe kimoja. Mimi nilidhani gari nalo lina kiu kama watu."

"Kikombe tu, baba," Binti alisema upesi. "Halivuji hata tone chini."

Dereva alichukua tochi, akalala chali. Chini ya pampu, upande usioonekana ukisimama, palikuwa na mchirizi mkavu wa kutu na chumvi, mwembamba kama njia ya machozi kwenye shavu lenye vumbi. Maji hayakuwa yakifika chini. Yalikuwa yakikauka njiani.

"Pampu ikikwama, inaukata mkanda uleule unaoizungusha," alisema kutoka chini. "Ndiyo maana vinatolewa pamoja. Ukibadilisha kimoja ukaacha kingine, umeoga ukavaa nguo chafu."

Binti alijiinamia, akachungulia kumtazama pale alipolala. "Baba. Nisamehe ile ya kuota."

"Nishike mkono nitoke. Mgongo nao una kilomita zake."

*

Alhamisi alikwenda duka la vipuri. Akiba yake aliifunga kwenye leso: ilitosha mkanda, roli ya kuukaza, na mkono wa fundi. Pampu hapana. Dukani walikuwepo watu watatu, na muuzaji alikuwa na sauti ya mnada.

"Mzee, wewe si ndiye uliyeua injini ya Idara? Umekuja kununua kisu kingine?"

Watu wakacheka. Dereva alicheka nao kidogo, maana asiyecheka huchekwa mara mbili. Akauliza bei ya pampu. Akaambiwa. Akaipapasa leso.

"Ipo ya bei ya chini," muuzaji alisema, akitoa boksi jingine. "Zimefanana kama mapacha, tazama."

Dereva aliizungusha kwa kidole. Ndani ilikwaruza, kama mtu anayetafuna mchanga. "Pacha huyu ana kifua," alisema, akairudisha. Alitoka na mkanda na roli, akitembea kwa miguu ili nauli ibaki.

Jioni hiyo Binti alikuwa na habari. "Nimeomba ruhusa ya Jumamosi. Msimamizi ananiuliza, gari ni bovu? Nikamwambia hapana. Akasema, sasa unaomba ruhusa ya nini? Nikamwambia, naomba siku moja likiwa zima, au nije kuomba mwezi likiwa bovu. Chagua."

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema dereva wao mwingine amelaza gari wiki ya tatu sasa. Akanipa."

Dereva alimtazama kana kwamba alikuwa hajamwona siku nyingi. Kisha akasema la pampu.

Bibi alinyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na bahasha ya hospitali ya macho. Ndani mlikuwa na noti zilizokunjwa mara nne nne.

"Hii ni ya miwani yako, mama," Dereva alisema. "Hapana."

"Miwani ya kuonea nini? Wewe nimeshazoea kukuona ukungu miaka yote." Alimsukumia bahasha. "Mwanangu ndiye aliyemkazania fundi aandike ile rangi nyeupe, mkwe. Alikuwa anatuachia maneno, sisi hatukusoma. Chukua. Ila ukilipasua kifua, nitakuwepo."

*

Na kweli alikuwepo. Jumamosi saa moja asubuhi Bibi aliketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya gereji, kanga imefungwa kifuani kama mtu aliyekuja kusimamia upasuaji. Fundi waliyemwita Polepole alikuwa mtu wa maneno machache na matambara mengi. Alitandika moja chini, akapanga boliti kwa safu, kila moja mahali ilipotoka.

Aliligeuza puli kubwa kwa spana mpaka alama zikalingana, ya chini kwa chini, ya juu kwa juu. Akachovya kijiti kwenye rangi nyeupe, akatia vidoa.

"Za nini hizo?" Bibi aliuliza.

"Ili juu na chini wasisahauliane, bibi. Valvu zikicheza wimbo mwingine na pistoni wimbo mwingine, ndiyo msiba."

"Kama ofisini kwa mkwe wangu."

Mkanda wa zamani ulitoka. Polepole aliukunja kwa kinyume, na nyufa zikafunguka mgongoni mwake kama visigino vya mtu wa kutembea peku. Meno mawili yalikuwa yameliwa mpaka mzizini. Akaitoa pampu, akashika ekseli yake kwa vidole viwili, akaitikisa. Ikacheza.

Akavilaza vyote viwili juu ya tambara. Kisha: "Mimi si mtabiri. Lakini huu ulikuwa unahesabu siku, si miezi."

Binti alizunguka nyuma ya gari, akakaa huko kidogo. Barabara ya mlimani ina kona kumi na moja. Alikuwa amezipita zote jana yake.

Pampu mpya ikaingia na mpira wake, roli ikaingia, mkanda ukavishwa. Polepole aligeuza injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili, bila haraka. Vidoa vyeupe vikarudi. Akachuchumaa, akafumba jicho moja.

"Jino moja," alisema.

"Jino moja nini?" Binti alishtuka.

"Mkanda umeruka jino moja. Ningewasha sasa hivi, lingewaka, lakini lingekuwa linachechemea." Akaanza kufungua tena.

"Utachelewa, fundi," alisema mteja mwingine aliyekuwa akingoja zamu.

"Mimi huwa nachelewa kabla," Polepole alijibu. "Wengine wanachelewa baada."

Dereva aliyasikia maneno hayo, akayaweka moyoni.

Saa nane vidoa vililingana, mizunguko miwili, mara tatu mfululizo. Maji mapya yakatiwa. Binti aliketi kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Injini ilijikuna mara moja, ikanyamaza. Bibi akasimama. Binti akazungusha tena. Ikapiga chafya, halafu ikaendelea kuunguruma kama mtu aliyekatizwa mazungumzo na sasa ameyakumbuka.

Hawakupiga makofi. Dereva aliomba kijiti cha rangi. Kwenye kifuniko, chini ya maandishi ya mkewe, aliandika tarehe, si kilomita. Kisha akaomba mkanda wa zamani, akaufunga kwenye gazeti.

"Unaupeleka wapi?" Polepole aliuliza.

"Una kikao Jumatatu."

*

Jumatatu saa tatu kamili alikaa kwenye kiti kisicho na mikono. Ng'ambo ya meza walikuwepo Mkurugenzi, Mhasibu Mkuu, na Mkuu wa Usafiri, yule Bwana Subiri. Pembeni, karani wa kuandika kumbukumbu, na kalamu yake. Kabla hajazima simu, Dereva alikuwa amesoma ujumbe wa Binti: *Zahanati ya tatu. Mshale wa joto umelala katikati. Ile ya mlimani nimepanda nikiimba.*

Walimsomea kosa lake. Lilikuwa refu, lenye maneno ambayo hakuwahi kuyatumia katika maisha yake. Kisha Mkurugenzi akauliza kama ana la kujitetea.

Dereva aliufungua mkanda kutoka kwenye gazeti, akaulaza mezani, juu ya kitambaa safi.

"Huu ndio mkanda uliokatika?" Mkurugenzi aliuliza.

"Hapana, mkuu. Huu haujakatika. Umetoka kwenye gari la marehemu mke wangu, ndugu wa lile la Idara." Akaukunja, nyufa zikafunguka. Mhasibu Mkuu alivua miwani. "Kwangu tuko watatu. Mmoja haoni vizuri, mmoja analipwa kwa kutwa, mmoja mmemsimamisha kazi. Hata sisi tulikosea, namba zilikuwa zimesimama mbele ya macho yetu hatukuziona. Lakini tulipoziona, ilituchukua siku tatu kuutoa huu ukiwa mzima. Idara ina watu mia mbili na kumi."

Kutoka mfukoni alitoa nakala tatu za kaboni za zile fomu za kuomba mkanda, rangi ya samawati imefifia, mihuri ya mapokezi inasomeka. Akazipanga kwa safu, kama boliti za Polepole.

"Mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili. Mimi si msomi, naomba nisaidiwe kitu kimoja tu. Nani aliamua kwamba zisubiri?"

Mkurugenzi alimtazama Mkuu wa Usafiri. Mkuu wa Usafiri alimtazama Mhasibu Mkuu. Mhasibu Mkuu alitazama dirisha. Mkono wa mmoja wao ulianza kuelekea kwenye zile karatasi, ukabadili njia, ukachukua kikombe.

Dereva hakusogea. Kusubiri alikuwa amefundishwa na watu haohao.

Karani aliinua kalamu. Alikuwa ameandika kila neno, kwa mwandiko wa duara, na sasa ukurasa ulikuwa na nafasi iliyobaki wazi.

"Samahani, wakubwa," alisema. "Swali nimeshaliandika. Jibu niandike la nani?"